Moteri Isiyofunguliwa Mara Mbili

Fortunat Cirimwami hupima joto la injini kwa mgongo wa mkono kwanza, kisha kwa kiganja, na hana haja ya kipimo kingine. Ana ngazi zake tatu. Kitu cha uvuguvugu ni "cha kuoga". Kikizidi hapo ni "cha chai". Kikizidi tena ni "cha kuchuna ngozi", na hapo hukuonyesha kovu lililo chini ya kidole gumba usije ukadhani anatania. Alianza kazi hii Bukavu akiwa na miaka kumi na tisa, katika gereji ya bwana mmoja kutoka Kinshasa aliyefundisha kwa Kilingala na kugombeza kwa Kifaransa. Leo ana miaka hamsini na minne, na gereji yake ni uwanja uliofunikwa nusu kwa mabati huku Kamenge, mtaa wa kando ya mji, hatua chache kutoka barabara inayopanda milimani kwenda Bugarama.

Madereva wanamjua kwa maneno yake: "Moteri nikiifunga mi, haifunguliwi mara ya pili." Si majivuno matupu. Yapo malori yanayopanda milima hiyo kwa injini alizozifunga kabla mimi sijajua kusoma, na hakuna hata moja iliyorudishwa ifunguliwe tena.

Ndiyo maana wiki ile ya lori la Mama Marguerite ilimnyima usingizi.

Mama Marguerite anauza viazi na kabichi soko la Jabe. Lori lake lilikufa njiani mwezi wa pili, likitoa moshi mweupe, na akamletea Fortunat likivutwa kwa mnyororo. Ilikuwa injini ya kwanza yenye kompyuta ambayo Fortunat aliwahi kuijenga upya. Zote za nyuma zilikuwa za chuma na mazutu, yaani dizeli, tu. Aliifungua peke yake, akasafisha kila kipande, akaweka pistoni mpya na kupeleka kulasi, kile kifuniko kizito cha juu, ikalainishwe. Kazi ya chuma aliifanya kama kawaida yake, bila haraka. Lakini nyaya! Zilining'inia kila upande kama mizizi, na macho yake siku hizi hayapendi vitu vidogo. Nyaya akamwachia dada yangu Joëlla.

Joëlla ni fundi umeme, amesoma shule ya ufundi, na ana skana, ile mashine ndogo ya kuzungumza na kompyuta ya gari, ambayo anaibeba ndani ya begi la vifaa vya mtoto kwa sababu lina mifuko mingi. Fortunat anamwita Muhandisi, kwa mzaha uliochanganyika na heshima. Joëlla anamwita Tonton, yaani mjomba. Wanabishana tangu saa moja asubuhi mpaka wanapoagana, na asiyewazoea atadhani wamekosana.

Injini iliwaka Jumanne, kwa mara ya kwanza tu. Ilinguruma kwa sauti laini hivi kwamba mafundi wa uwanja wa jirani walikuja kusikiliza. Fortunat alizunguka lori mara tatu akiwa amefunga mikono nyuma, na kila alipopita mbele ya mlango alimwonyesha Jimmy, dereva wa Mama Marguerite, mshale wa joto ulivyolala chini.

"Uone, Shofa. Moteri nzima inafanya kazi na haina joto. Hii nimeifunga vizuri mpaka nimejipita."

Jumatano wakaipeleka mlimani. Siku hizi mazutu ni shida. Mama Marguerite alisimama foleni siku mbili kupata madumu mawili, na hayo yalitosha kupanda Bugarama na kushuka mara mbili, basi. Mimi sikuwepo safari hiyo, lakini nimesimuliwa na watu watatu na wote wanacheka sehemu ileile. Kilomita ya kumi na mbili, pale kona zinapoanza kukaza, taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka mbele ya Jimmy. Papo hapo lori likaishiwa nguvu. Jimmy alikanyaga mpaka mwisho, lakini lori likatambaa tu. Vijana wa baiskeli waliokuwa wameshikilia nyuma ili wavutwe mlimani wakaachia, mmoja mmoja, wakalipita kwa miguu huku wanasukuma baiskeli zao.

"Mzee!" mmoja akapaza sauti dirishani kwa Fortunat. "Tukufungie kamba tukuvute?"

Waligeuza, wakashuka. Waliporudi uwanjani Joëlla akachomeka skana, na mashine ikasema kwa Kifaransa: joto la mafuta limezidi kiasi. Kompyuta ilikuwa imeogopa, ikapunguza nguvu za injini ili kuiokoa.

Fortunat akakaa juu ya gurudumu. Kwake maneno yale yalikuwa na maana moja. Mazutu yanayorudi kutoka kwenye injini hayawezi kuchemka hivyo ila kama moto wa ndani unavujia huko, na moto wa ndani unavuja kama kulasi haikukaa sawa. Kulasi aliikaza yeye mwenyewe, boliti kwa boliti.

Mama Marguerite akaja jioni ileile. Ni mwanamke mnene, mwenye haraka, asiyepiga kelele hata akikasirika.

"Fundi, nimeuliza kwingine. Wananiambia ifunguliwe upya. Wao wako tayari Ijumaa."

"Kama ni kufungua, nitaifungua mi."

"We ndiye ulisema haifunguliwagi."

Mama Marguerite alipoondoka, Fortunat alimwambia Joëlla kwa sauti ya chini, na hapo nilikuwepo, nimeleta chakula cha dada yangu: "Muhandisi, kesho nikiifungua, ni ya mwisho. Utachukua spana zangu zote. Mafundi wa sasa ni nyinyi munaosoma mashine. Mi nitakaa nyumbani Mutakura, nisikilize redio."

"Tonton, usiseme ivyo."

"Nimeshasema."

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa uwanjani, maana Joëlla aliniomba nije na daftari. Nina mwandiko unaosomeka, ndiyo sifa yangu katika familia. Fortunat alikuwa amekwisha panga spana zake juu ya gunia safi, kubwa mpaka ndogo, na alikuwa amelaza ile kubwa juu ya boliti ya kwanza ya kulasi.

"Nipe saa moja," Joëlla akamwambia.

"Saa moja ya nini?"

"Taa aikuwaka hapa uwanjani Jumanne. Aikuwaka Gasenyi, mlima unapoanza. Iliwaka kilomita ya kumi na mbili. Mi nataka kujua ilianza kuona nini, na ilianza saa ngapi. Tuwashe moteri baridi, tuangalie namba zikipanda."

"Mazutu yamebaki ya kupanda mara moja tu. Ukiyachoma hapa, tutapanda na nini?"

"Ukishafungua kulasi, utapanda na nini?"

Jimmy, aliyekuwa akipiga mswaki mlangoni mwa lori, akacheka mpaka akameza povu. Fortunat akatoa spana kwenye boliti, akaielekeza kwa Joëlla kama mwalimu mwenye chaki.

"Saa moja. Ikipita bila jibu, naanza."

Jimmy akawasha. Joëlla alikaa kwenye kiti cha kati na skana mapajani, akinisomea namba mbili kila baada ya dakika mbili: joto la maji na joto la mafuta. Nikachora mstari katikati ya ukurasa. Mwanzo namba zilikuwa sawa kabisa, ishirini na sita na ishirini na sita, kwa sababu injini ilikuwa imelala usiku kucha na kila kitu ndani yake kilikuwa na joto la asubuhi. Kisha zikaachana. Maji ishirini na nane, mafuta thelathini na saba. Maji thelathini na moja, mafuta hamsini. Jimmy alikuwa anaongeza mzunguko polepole, uwanja mzima unatetemeka, na mimi naandika kwa haraka isiyo ya lazima. Dakika ya ishirini na mbili: maji thelathini na saba, mafuta themanini.

"Tonton! Themanini!" Joëlla akapaza sauti. "Mazutu yako yamefika themanini!"

Fortunat alikuwa upande wa kushoto wa injini, karibu na pampu ya mafuta. Alisikia themanini, akanyoosha mkono kabla hajafikiri. Akaweka mgongo wa mkono juu ya pampu. Akaugeuza. Akaweka kiganja, akakiacha hapo.

"Nani anasema themanini?"

"Mashine."

"Mashine iko na mikono?"

"Tonton, usianze."

"Njoo ushike! Njoo! Hii ni ya kuoga. Mutoto mudogo anaoga humu. Hii haifiki arubaini."

Joëlla akashuka, akaweka vidole viwili, akaacha mkono mzima. Nikaona uso wake ukibadilika. Fortunat alikwisha zunguka upande wa kulia, pale maji ya injini yanapotokea kwenda kupozwa mbele. Akagusa kwa mgongo wa mkono, akaurudisha mbio kama aliyeumwa na nyuki.

"Kuchuna ngozi!" akapiga kelele, na nilishangaa kusikia furaha katika kelele ile. "Maji ndiyo yanachemka! Mazutu ni baridi! Muhandisi, mashine yako inasema kinyume!"

Nilitazama safu mbili za daftari. Nikafunika vichwa vyake kwa kidole, nikazisoma tena kama kwamba sikujua ipi ni ipi. Nikampelekea Joëlla daftari hivyohivyo, kidole kikiwa juu ya maneno. Akatazama. Akanitazama.

"Tonton, usiguse kitu! Jimmy, usizime! Tonton, ile kapteri ya kwenye pampu, chomoa fishi yake. Ile moja tu."

Kapteri ni kidude cha kupima, na fishi ni kichwa cha waya kinachochomekwa juu yake. Hiyo ya kwenye pampu hupima mazutu. Ya upande wa pili hupima maji. Joëlla akapanda mbio kwenye kiti, macho kwenye skana.

"Nimechomoa," Fortunat akaita kutoka chini.

Kisha dada yangu akapiga yowe ambalo lilifanya wauza maandazi wa barabarani wageuke.

"Yampayinka! Ni maji! Umechomoa mazutu, lakini namba ya maji ndiyo imepotea! Zimebadilishana! Fishi zimebadilishana, Tonton!"

Akaruka chini. Wote watatu tukaingiza vichwa mahali pamoja, Jimmy akiwa wa nne kwa juu. Fortunat alikuwa ameshika fishi mkononi. Imezungushiwa utepe mweupe, na juu ya utepe, kwa herufi zake kubwa za kalamu ya wino mzito, imeandikwa MUME.

"Hii nani aliichomeka huku?" akauliza.

"Mi."

"Mume unamuweka upande wa muke, kwa nini?"

"Upande gani wa muke?"

"Huu! Kushoto!" Akapiga mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia. "Mukono ya muke! Na huu ni mukono ya mume! Niliandika wakati natoa nyaya: ya mume, kulia, ya muke, kushoto. Mutu mzima hajui mikono yake?"

Joëlla akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika.

"Tonton. Umetoa wapi hayo?"

"Kwa patron wangu, Bukavu! Kwao Kinshasa kulia ni kwa mwanaume, kushoto kwa mwanamuke. Gereji yote tulisema ivyo."

"Tonton, we, mi nimesoma umeme! Kwetu mume ni kile kinachoingia, muke ni kile kinachopokea. Siku ile ulikuwa umeenda msibani, simu yako imezimwa. Nimekuta fishi mbili zinafanana, moja umeandika mume, nyingine muke. Nikaangalia kapteri. Hii ya pampu imesimama nje kama kidole. Ile ya maji imezama ndani ya shimo. Nikasema, basi, Tonton ana akili, ameniwekea alama: mume kwa iliyosimama, muke kwa iliyozama!"

Jimmy alilazimika kukaa chini. Alijishika tumbo, akarudia "ameniwekea alama" mara tatu, kila mara kwa sauti nyembamba zaidi. Fortunat alimtazama kwa ukali, kisha akaitazama fishi, kisha kapteri iliyosimama kama kidole, na kicheko kikaanza kumponyoka.

"Miaka thelathini na tano naandika ivyo," akasema. "Hakuna aliyekosea."

"Ni kwa sababu ulikuwa unajiandikia mwenyewe."

Kubadilisha ilichukua muda mfupi kuliko kubishana. Joëlla akafuta kosa kwenye kompyuta, taa ya njano ikazimika. Lakini hakuna aliyeshangilia bado, maana hata Jumatano taa ilikuwa imezima hapa uwanjani. Lazima mlima useme. Jimmy alipima mazutu kwa kijiti: ya kupanda yapo, ya kushuka tutaachia mteremko na breki ya injini ifanye kazi yake. Fortunat akakunja gunia lake na spana zote ndani, akalipakia.

"Hizo za nini?" Joëlla akauliza.

"Kama taa inawaka, nafungua palepale barabarani. Sirudi nayo hapa watu wanione."

Mimi nilikaa kwenye kitanda chembamba nyuma ya viti, daftari magotini. Tulipita Gasenyi, tukaanza kupanda. Mji ukashuka nyuma yetu, na baada yake ziwa, pana na jeupe kwa jua. Vijana wa baiskeli walituotea kwenye kona ya kwanza, wakashika nyuma, sita au saba. Hapo ndipo mshale wa joto, ambao tangu Jumanne ulikuwa umelala, ukaanza kunyanyuka.

"Tonton!" Jimmy akashtuka. "Inachemka! Angalia!"

Fortunat akashika gunia la spana.

"Haichemki!" Joëlla akapiga kelele. "Ndiyo joto lake la kweli! Ile ya Jumanne mulikuwa munajivunia baridi ya mazutu! Acha ifike katikati, itasimama."

"Na isiposimama?"

"Itasimama!"

Tukautazama mshale wote wanne, na kama Jimmy aliitazama barabara sikuona. Robo. Juu ya robo. Kilomita ya kumi. Nikaandika maji themanini na moja, mafuta arobaini na mbili, na kalamu ikatoboa karatasi kwa shimo la barabarani. Kilomita ya kumi na moja. Fortunat alikuwa ameweka kiganja juu ya kifuniko cha injini miguuni pake, macho yamefumba, midomo inacheza kama mtu anayesali, na huenda alikuwa anasali. Ilipokuja kona ya kilomita ya kumi na mbili, Jimmy alishusha gia, akakanyaga.

Lori lilivuta. Lilivuta mpaka tukarudi nyuma kwenye viti, na huko nyuma vijana wa baiskeli wakapiga mbinja. Mshale ulikuwa umefika katikati na kusimama pale, mnyoofu, kana kwamba umegongomelewa. Mahali pa taa ya njano palikuwa giza.

"Kanyaga!" Fortunat akapaza sauti. Alikuwa amefumbua macho na alikuwa anapiga goti la Jimmy kwa ngumi. "Kanyaga, Shofa! Muonyeshe! Muonyeshe!"

Sijui ni nani aliyepaswa kuonyeshwa, lakini Jimmy alimwonyesha. Tulipita lori la saruji, tukapita basi la Gitega ambalo kondakta wake alitutolea ulimi, na Joëlla alikuwa anasoma namba kwa kuimba, maji themanini na nne, mafuta arobaini na saba, themanini na nne, arobaini na nane, nami naandika mistari isiyosomeka kabisa. Hewa ikawa baridi. Ukungu ukaingia dirishani. Bugarama ikatokea ghafla, pamoja na mafungu yake ya karoti na kabichi na wanawake waliojifunga vitenge viwili viwili kwa baridi.

Jimmy hakuzima. Fortunat alishuka, akaweka mgongo wa mkono upande wa kulia wa injini, akaurudisha haraka, akaweka kwenye pampu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Simu yake ikalia. Alikuwa Mama Marguerite, na simu ile ina sauti kubwa hivi kwamba wote tulisikia.

"Fundi, mmeifungua?"

Fortunat alinyoosha mkono na kuiweka simu karibu na injini, akaishikilia hapo muda mrefu, ukungu ukimpita, wauza kabichi wakimkaribia kuona mzee huyu anampigia nani simu kupitia lori. Kisha akairudisha sikioni.

"Umesikia?"

"Hiyo ni wapi?"

"Bugarama."

Tukasikia kelele za soko la Jabe nyuma ya Mama Marguerite, mtu anaita bei ya vitunguu.

"Na taa?"

"Taa gani?" akasema Fortunat, na Joëlla akamnyang'anya simu.

"Mama, imezima! Ilikuwa fishi mbili tu, nitakueleza, utacheka! Moteri haijaguswa, hata boliti moja!"

"Basi musirudi tupu," Mama Marguerite akasema. "Jimmy anajua wanawake wangu huko. Mupakie kabichi."

Kabla hajakata simu, Fortunat alikwisha kwenda nyuma ya lori, na tukasikia mlango mkubwa ukifunguka kwa kishindo na yeye akiwaita wauzaji kwa Kirundi chake kibovu, waje, waje upesi, lori liko tayari.